Nyumba Iliyokohoa Bigo

Wakati wa vita, akina mama wa mtaa wa Bigo walilikataa swali la madaktari. Madaktari walitaka kuuliza habari za malaria. Mama mmoja akasimama, akasema, "Muulize kikohozi. Siye tunalala wote mu chumba kimoja juu ya kuogopa vita." Ndivyo utafiti wetu ulivyogeuka.

Mimi nilikuwa muuguzi. Mtaa wenyewe ukanichagulia mwenzangu, mke wa mwalimu, asiye wa kabila langu, makusudi, ili kila mlango upate uso wa kuuamini. Asubuhi tuliacha vikopo vya makohozi, kesho yake tukavichukua kupeleka labo vipimwe.

Nyumba moja ilikuwa ya mama mjane. Madirisha yake yalipigiliwa mbao. Alitupokea mlangoni, akasema yeye hakohoi na anaishi peke yake. Hajamaliza, kikohozi kikasikika ndani, kizito, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa nguo.

"Mama, nani iko ndani?" nikauliza.

"Hakuna mutu. Ni nyumba. Hii nyumba inakohoaka."

Hakutabasamu. Mwenzangu akaweka kikopo kizingitini, tukaondoka. Kesho yake tulikikuta palepale, kina makohozi, kimefunikwa vizuri. Labo ikakuta humo kifua kikuu.

Siku hizo kumtaja mtu kulitosha kumuua. Sikuuliza jina. Nikamwambia, "Mama, nyumba yako iko na ugonjwa. Inapaswa kumeza dawa kila siku, miezi mingi."

Akafikiri. "Itameza."

Sheria ya dawa zile ni kumwona mgonjwa akimeza. Sisi tulisikia tu. Mama alisukuma vidonge na kikombe cha maji chini ya pazia la chumba. Kikombe kikapotea, koo likagugumia, kikombe kikarudi kitupu. Vidole sikuviona hata mara moja. Nikifika kwangu nilijikuta nakodolea macho pazia letu, nikingoja litikisike.

Mapigano yaliporudi mjini, tulimwachia mama dawa, tukakimbia. Tuliporejea, nyumba ilikuwa kimya. Mama akasukuma kikombe kama kawaida. Kikakaa sakafuni. Pazia halikucheza. Mwenzangu akanishika mkono.

"Nyumba imepona?" akauliza polepole.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba, ya kwanza tangu tuanze: "Munisamehe. Nilikuwa nalala. Sasa kifua kinaniacha nilale."

Mji ulipotulia, mama alifungua pazia mwenyewe. Aliyekuwa amefichwa humo ni mkamwana wake. Mumewe, mwana wa mama huyo, aliuawa vita vilipoanza, na watu wa kabila la mkamwana walisakwa nyumba kwa nyumba. Majirani waliamini amekufa. Wengine walikuwa wamekwisha kumlilia. Siku alipotoka kukaa uani, macho kayafumba kwa jua, jirani aliyekuwa akianika nguo alimwona, akaweka beseni chini taratibu, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Ananiogopa," mkamwana akasema. "Hata mimi, nikijisikia nasema, naogopa."

Baadaye alikwenda kwa ndugu zake upande wa Mahagi, juu ya lori la mizigo. Dereva alimwuliza atashukia wapi. Akajibu kwa mnong'ono, akarudia, na dereva hakusikia kitu. Mama mkwe, aliyekuja kumsindikiza, ndiye aliyesema kwa sauti kwa niaba yake.