Pete ya Shaba

Harufu ya oili inayoungua juu ya chuma cha moto bado hunikausha mate. Nikiinusa hapa Kolwezi, malori ya madini yakipita na kutuachia vumbi, ghafla niko tena kiti cha nyuma cha gari kuukuu la baba, macho yameganda kwenye mshale wa kipimo unaoshuka.

Baba alikuwa ameacha kazi ya kuchimba madini shimoni, akapakia watu na mizigo kwenda Mutshatsha. Gari lilikuwa na taa nyekundu tu ya kuonya oili ikiisha, naye hakuiamini. "Ile taa inawaka moteri ikiisha kufa," alisema. Akanunua sokoni kipimo cha presha ya oili, cha mviringo kama saa, chenye mrija mwembamba wa shaba. Akaing'oa swichi ya taa kwenye injini ili mrija ufungwe pale pale. Mkono wake haukupenya; wangu ulipenya. Akanipa nati na pete ndogo ya shaba ya kuzuia oili isivuje. Pete ikaniponyoka, ikalia mara moja juu ya chuma, kisha kimya. Nilipapasa, sikuipata, na hapakuwa na nyingine. Nikiogopa mkono wa baba, nikakaza nati bila pete.

"Umekaza muzuri, Ilunga?"

"Ndiyo, tata."

Moteri ikawaka, mshale ukapanda. Baba akamwita mama: "Kuja uone! Leo moteri iko na mudomo!"

"Uisikilize basi," mama akajibu, "sababu mi haunisikiaka."

Jumatatu tuliondoka sote watatu na magunia ya unga wa mama. Tulipoacha nyumba za mwisho nyuma yetu nikasikia ile harufu. Mshale ukatetemeka, ukaanza kushuka.

"Tata Ilunga, simama kwanza," mama alisema.

"Hii kitu ya sokoni iko inatudanganya. Moteri yangu naijua." Akakigonga kipimo kwa kidole.

Mimi nilijua. Sentensi ilikuwa tayari kooni: tata, pete ilianguka. Nilijiambia nitaisema kwenye kilima kile, kisha kwenye daraja lile. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Yangu ilikuwa na vilima na madaraja, nami nilivipita vyote nimefumba mdomo. Kisha chuma kikagonga chuma, gari likatikisika, moteri ikashikana, ikafa. Baba hakufungua hata boneti. Aliking'oa kipimo, akakitupa majanini. "Muongo!" Alipokwenda kutafuta msaada nilikiokota, nikakificha ndani ya gunia la unga.

Pesa ya moteri nyingine hatukuipata. Baba akarudi kwenye shimo aliloapa hatalikanyaga tena, na kila jioni nilisikiliza buti zake mlangoni, nikiogopa siku ambayo zisingesikika. Zilisikika hadi alipostaafu. Alizeeka akiwaonya watu wasinunue vipimo vya sokoni, nami nikiwa kando yake, mtu mzima mwenye ndevu, bado nimenyamaza. Tulimzika hajui.

Siku hizi pete kama ile huuzwa kwa konzi. Nilinunua konzi nzima nilipokifunga kipimo kile kwenye gari langu kuukuu. Mshale ukitikisika kidogo, nasimama na kufungua boneti. Wajukuu hucheka: "Nkambo, iko muzima, twende!" Nami napapasa nati kwanza. Katika gari lile siku ile kulikuwa na mwongo mmoja, na si yule baba aliyemtupa majanini.