Gunia la Manyoya la Jerusha Pell

Jerusha Pell alikuwa jirani yangu pale Salem, mji wa bandari karibu na Boston, kwa miaka thelathini na moja. Ukuta wa bustani yake uligusana na wangu. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro na mito. Mumewe alizama na mashua ya chewa mwaka wa pili wa ndoa yao, wala hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nyumbani alibaki na mdogo wake, Asahel Dow, baharia aliyeanguka kutoka mlingotini akavunjika nyonga. Alipona, lakini tangu hapo aliburuta mguu wa kushoto.

Baharia kilema hatakiwi na nahodha yeyote. Asahel alikaa mwaka mzima akimkatia dada yake kuni, kisha akapata kazi forodhani: kushinda melini bandarini na kuhakikisha hakuna pipa linaloshushwa kabla ya ushuru wa mfalme kulipwa. Siku zile Bunge la London, ng'ambo ya bahari, lilikuwa limetubandika sisi watu wa makoloni ushuru mpya kwenye kioo, karatasi, rangi na majani ya chai, na hakukuwa na hata mtu mmoja wa kwetu aliyeketi katika bunge hilo kusema ndiyo au hapana. Mji ulichemka. Mtu wa forodha akipita sokoni, wauza samaki walianza kukohoa kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, mpaka apotee kwenye kona.

Jerusha alikuwa mkali kuliko wengi wetu. Alikuwa wa tatu kutia sahihi karatasi ya wanawake walioapa kuacha chai, akawa anachemsha majani ya rasiberi badala yake. Jioni moja nilikuwa mezani kwao Asahel alipoonja.

"Dada, hiki ni nini?"

"Kinywaji cha watu huru."

"Mbuzi wa Dorcas hapa angekitema," akasema akinitazama.

"Basi nenda kanywe na mabwana zako."

"Hao mabwana zangu ndio wanaokununulia unga."

"Najua," Jerusha akasema. "Ndiyo maana mkate wangu mwenyewe unanikwama kooni siku hizi."

Asahel alikuwa bado anatabasamu, nadhani alitegemea utani uendelee. Haukuendelea. Wiki ile ile alibeba kisanduku chake cha ubaharia akahamia chumba cha juu kwa mshona matanga, karibu na gati. Walikuwa wakionana Jumapili kanisani na kuinamishiana vichwa kama watu waliokutana barabarani.

Oktoba mwaka wa 1769, meli moja iliingia kutoka visiwa vya miwa huko kusini ikiwa na mapipa ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, ambayo hayakuandikwa popote ili yasilipiwe ushuru. Yalikuwa yashushwe kimyakimya kwenye kijito nje ya mji. Maofisa walifika kabla ya watu wetu, wakayakamata yote. Ilikuwa wazi kwamba kuna mtu amesema.

Kesho yake saa sita mchana nilikuwa kwa Jerusha, tukichambua manyoya ya bata bukini, alipochungulia mlangoni Nahum Trask, fundi mapipa wa mtaa wetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Siku hiyo uso ulikuwa umemwiva kwa hasira.

"Mama Pell, tunahitaji manyoya. Gunia moja."

Jerusha hakuuliza ya nini. Sote tulijua: msaliti alipakwa lami, akamwagiwa manyoya na kutembezwa mjini, na lami ilikuwa tayari inachemka kwenye uwanja wa Nahum, harufu imefika mpaka kwetu. Aliuliza tu, "Ni nani huyo?"

"Aliyetuuza."

"Mna hakika?"

"Wenzangu wana hakika."

Akasimama, akachukua gunia lililokuwa limejaa, akamtupia. "Mvalisheni vizuri," alisema. "Baridi inakuja." Nahum akacheka. Mimi pia nilicheka, na siwezi kulificha hilo sasa.

Tulitoka kwenda kutazama. Mkokoteni ulikuja ukipanda mtaa mkuu, watu wameujaa pande zote, wengine wakipiga masufuria. Juu yake kilisimama kitu cheusi chenye manyoya meupe, mikono imefungwa nyuma. Hakuwa na uso. Lami ilikuwa imemfunika mpaka masikioni. Mwanamke mmoja nyuma yetu alipiga kelele kuuliza kama jogoo huyo anataga. Jerusha alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimeshika mkono wake.

Walimshusha mbele ya soko wamtembeze. Akapiga hatua mbili, na mguu wa kushoto ukaburuzika kwenye mawe.

Jerusha aliacha kucheka, akauachia mkono wangu. Asahel alipita mbele yetu, karibu kiasi cha kugusa, akageuza kichwa. Macho yalikuwa ndiyo sehemu pekee iliyokuwa ya mtu. Aliangalia dada yake, akaendelea mbele kwa sababu alisukumwa. Jerusha hakusema jina lake. Hakusogea. Nami sikusogea. Tulisimama pale mpaka kelele zikateremka upande wa gati.

Kulipotulia alichukua mtungi wa mafuta ya nguruwe na vitambaa, akaniambia twende. Mshona matanga alitufungulia. Asahel alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, hataki kukichafua. Tulianza kazi. Lami ikipoa juu ya ngozi hutoka na ngozi. Tulipaka mafuta, tukangoja, tukafuta, na kila mara kitambaa kilirudi cheusi na chekundu. Hakulia. Baada ya kama saa mbili alitazama unyoya uliokwama kwenye kitambaa.

"Manyoya mazuri," alisema. "Nilijua mara moja ni ya kwako."

Jerusha aliendelea kufuta.

"Wengine wanachanganya na ya mabawa. Wewe unachagua ya kifuani tu."

"Asahel, sikujua ni wewe."

"Ungekuwa hujui mpaka mwisho, sawa. Lakini uliniona pale sokoni."

"Nilikuona."

"Na hukusema kitu."

Jerusha alichovya kitambaa kingine kwenye mafuta. Asahel akampa mkono mwingine aufute.

Alipopona aliondoka kwenda Boston, kwenye kivuli cha askari wa mfalme. Miaka mitatu baadaye ilijulikana kwamba aliyepeleka habari za molasi alikuwa msaidizi wa nahodha wa meli ile ile, aliyegombana na nahodha baharini. Alilisema mwenyewe akiwa amelewa. Nahum Trask alikuja akasimama kwenye uwanja wa Jerusha na kofia mkononi, hajui aanzie wapi.

"Rudi kazini, Nahum," Jerusha alimwambia. "Wewe uliomba. Mimi ndiye niliyetoa."

Watu wa mbali hudhani tangu hapo aliugeukia upande wa mfalme. Hapana. Watu wa Boston walipomwaga chai ya ushuru baharini alifurahi, na mfalme alipowafungia bandari kwa adhabu alipeleka magodoro sita kwa familia zenye njaa. Aprili mwaka wa 1775, vita vilipoanza, mtoto wa Nahum aliletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, amepigwa risasi ya shingo. Jerusha ndiye aliyemuosha. Tangazo la uhuru liliposomwa, alisimama mbele kabisa na kusikiliza mpaka neno la mwisho. Alikuwa anaamini kila kitu. Ila kulala alilala vibaya, na nilikuwa nikimsikia alfajiri akitembea bustanini.

Asahel aliondoka Boston na meli za mfalme mwaka 1776 kwenda Halifax, bandari ya kaskazini iliyobaki chini ya mfalme. Jerusha aliandika barua nne. Hakuna iliyojibiwa. Amani iliporudi na meli zikaanza tena kwenda kaskazini, alifunga nyumba, akaniachia ufunguo, akapanda moja. Alikuwa na miaka hamsini na nane.

Alirudi baada ya wiki tano. Nilimkuta ameketi jikoni kwake na koti bado mwilini.

"Alifariki miaka mitano iliyopita," alisema. "Kifua. Ameacha mke, mwanamke mwema, wa Ireland. Alinikaribisha ndani."

"Ulimwambia nini?"

"Nilianza kusema jina langu. Akanikatiza, akasema, 'Asahel alikuwa na dada kule Salem, masikini, alikufa zamani, kabla ya vita. Ulimfahamu?'"

Nilivuta kiti nikaketi karibu naye.

"Nikasema nilimfahamu. Nikasema nilikuwa jirani yake." Alivua glavu moja, akaiweka mezani. "Akaniuliza alikuwa mtu wa namna gani, ili awaambie watoto. Dorcas, nilikaa pale nikashindwa kusema neno, mpaka yule mama akadhani ninamlilia rafiki. Akanishika bega."

Kisha akauliza kama mvua ilikuwa imenyesha, na kama kuku wangu wameanza tena kutaga.