Kikohozi cha Salfa na Picha ya Kifua

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole.

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwetu Chinongwe, nilikohoa siku tatu na macho yakawasha. Bibi yangu aliogopa kifua kikuu, akanipeleka hospitali Ruangwa nikapigwe picha. Mimi nina haya, kwa hiyo nilifurahi, maana mashine haiulizi maswali.

"Mpige picha, daktari," Bibi alisema. "Huyu hata salamu humtoka kwa shida."

"Picha baadaye, bibi, ikihitajika. Kwanza nimsikilize. Kijana, juzi ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kupuliza salfa."

"Ulijifunga kitambaa usoni?"

Nikatazama sakafu. Bibi akadakia, "Alijifunga! Nilimfunga mwenyewe!"

Ikabidi niseme. Nilikifungua kwa sababu binti wa jirani alikuwa anapita, nami nilitaka anione sura.

"Alikuona?"

"Alipita ameziba pua."

Bibi alicheka hadi akashika ukuta. Daktari alisikiliza kifua changu, akasema ni vumbi la salfa, nikae mbali nalo. Nikifikisha wiki mbili bado nakohoa, nirudi nipimwe makohozi.

Nilipona bila picha. Ila mashine isingenisemesha mbele ya Bibi, na sasa, kwa mdomo wa Bibi, kijiji kizima kinajua.

Niandikieni basi: ninyi mliwahi kumficha daktari nini? Bibi sitamwambia.