Betri ya drili imeota moto

Samahanini kwa kuchelewa kuandika, mtoto ndiyo kwanza kalala.

Leo huku kijijini Mogitu hakuna jua. Baba mkwe kaiweka betri ya ile drili niliyotumiwa ya kutobolea mbao kando ya mafiga, mwanangu anapotambaa. Eti ipate nguvu, kama za redio anazoanikaga juani!

"Shikamoo baba. Hiyo huchajiwa, haioti moto."

"Marahaba. Nimefufua betri kabla hujazaliwa."

Nikambeba mtoto. "Baba, tutoke. Tafadhali."

Akacheka.

Betri ikavimba kama andazi, ikafuka moshi, ikalia PAA!

Nani alitangulia kufika zizini? Baba, na kandambili moja.

"Betri za siku hizi hazina adabu," akasema.

Kaka uliyetuma drili, bado nahitaji chaja, betri mpya, miwani ya kukinga macho, na kandambili ya kushoto.