Barbara Habadilishwi Uso

Ni asubuhi ya Februari, na Lamzira Nakani yuko juu ya paa la kanisa, beleshi la mbao mkononi, theluji ikimfika magotini. Anasukuma fungu moja, linaporomoka chini kwa kishindo. Anavuta pumzi, anatema mate pembeni, anaendelea.

"Usisimame hapo, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nikikufukia, nani ataandika?"

Lamzira ana miaka sitini na minane. Kanisa lenyewe si kubwa kuliko zizi la ng'ombe. Liko juu kabisa ya kijiji cha Lashkeli, katika milima ya Svaneti, Georgia.

Ndani, ukutani, amesimama Mtakatifu Barbara, mlinzi wa mifugo, kama alivyochorwa karne nyingi zilizopita na fundi asiyejulikana jina. Shavu la kushoto limeliwa na unyevu. Jicho moja limebaki, jeusi, limekukodolea.

Lamzira ndiye mwenye ufunguo. Kwa desturi, ufunguo huo hushikwa na wanaume wa ukoo wa Nakani. Lakini mumewe alipofukiwa na poromoko la theluji, shemeji yake, Murza, alikuwa akiendesha lori mjini, na hakuna mwingine aliyeutaka. Lamzira akauvaa shingoni. Kazi hiyo haina mshahara. Anaishi kwa ng'ombe watatu na jibini anayotengeneza.

Kiangazi kilichopita alirudi Jumber, mtoto wa kijiji aliyetajirikia mjini. Aliahidi kuliezeka kanisa upya kwa mabati. Sharti lake lilikuwa moja tu: Barbara achorwe upya, apewe sura ya marehemu mama yake, Tsiala.

Kijiji kilikaa kikao, kikakubali. Paa lilikuwa linavuja, nani angekataa? Murza, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi nyumbani, akatumwa kuchukua ufunguo.

"Shemeji, lete ufunguo, tusiaibishane," Lamzira anakumbuka akiambiwa.

"Aibu gani? Kwani nimeiba?"

"Wewe umeolewa tu kwenye ukoo huu."

"Na wenye ukoo walikuwa wapi miaka yote nikipanda paa peke yangu?"

Mafundi walipofika na ndoo zao za rangi, walikuta mlango umekomewa kwa ndani. Lamzira alikuwa humo na mkate, jibini na blanketi. Jumber akaja kumbembeleza kupitia mlangoni, kijiji kizima kikisikiliza.

"Mama Lamzira, si ulimpenda mama yangu?"

"Nilimpenda. Tumekata nyasi pamoja tangu usichana. Na kwa nyasi alikuwa mwizi, Mungu amrehemu. Kila mwaka anasogeza mpaka wa konde lake."

Watu wakacheka. Jumber hakucheka.

"Nataka akumbukwe tu, mama."

"Kaburi lake liko hapo chini, limeota magugu. Anzia huko. Lakini huyu Barbara, bibi yangu alimlilia ng'ombe walipougua, na bibi wa bibi yangu vilevile. Hawakumlilia Tsiala."

Jumber aliketi kizingitini mpaka jioni. Kisha akateremka makaburini, akang'oa magugu kwa mikono yake, akaondoka. Mabati nayo yakaondoka.

Hakuna aliyempa Lamzira asante. Wanawake wanaochota maji naye humgeuzia mgongo. Murza anaishi ua wa pili, na tangu siku ile hajamsemesha. Theluji ya mwaka huu ni nzito; boriti moja ya kanisa imeshapinda.

"Wanasema paa likimwangukia Barbara, dhambi ni yangu," anasema. "Sawa, nitaibeba. Lakini ataanguka na uso wake."

Jikoni kwake, akikanda unga kwa ajili ya mkate wa nyama, anaeleza mpango wake. Theluji ikiyeyuka, atachonga mawe bapa kule korongoni, yavutwe mpaka juu kwa sleji, chombo cha mbao kisicho na magurudumu kinachoburuzwa hata kwenye nyasi, paa liezekwe kwa mawe kama zamani. Kaya mbili zimeahidi maksai, kimyakimya, bila kutaka majina yao yatajwe. Anayejua kupanga mawe hayo vizuri kuliko wote kijijini ni Murza. Lamzira amemtumia ujumbe.

Amejibu?

"Bado." Anafunika unga kwa kitambaa, anajifuta mikono. "Akija, atakula. Asipokuja, mwezi wa tano naanza mwenyewe, upande wa kaskazini. Nikikosea kupanga, na aje aniambie mbele ya watu nimekosea wapi."