Mkono wa Jirani

Sauti ya Awinja ilikuzwa na ndege. Alipokuwa msichana huko Khwisero, kazi yake wimbi lilipokaribia kuvunwa ilikuwa kusimama juu ya kichuguu tangu alfajiri, akiwapigia ndege kelele. Shamba la baba yake lilikuwa refu na ndege walikuwa wajanja, kwa hiyo alijifunza kurusha sauti kama mtu anavyorusha jiwe, iangukie pale anapotaka. Kisha akaolewa na Were, upande wa Butere. Were akaenda Kisumu kufanya kazi ya reli, akawa anarudi nyumbani Krismasi, na sauti ile ikabaki bila kazi ila kuita watoto.

Baraza la kata lilikuwa joshoni, kila Jumanne, ng'ombe wakishamaliza kuogeshwa. Mtangazaji wa zamani alipougua koo, Awinja aliambiwa ajaribu. Alijaribu siku moja na hakuondoka tena pale juu ya ukuta wa saruji, huku harufu ya dawa ya kupe ikimwingia puani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwenye habari alimfuata kando ya ua wa josho akamnong'oneza. Awinja alikunja kidole. Kila habari na kidole chake. Akipanda ukutani, alitangaza moja, akakunjua kidole, akatulia kidogo, ndipo akaendelea. Kule kutulia kulikuwa na maana. Mtu aliyekuwa na pingamizi aliinua mkono wakati huo, na jambo likawekwa kando lijadiliwe. Lakini mkono ulipaswa kuwa wa jirani. Watu wa nyumba moja wakipingana waliambiwa wakamalizane kwao. Na lililopita pale bila mkono lilikuwa limekubaliwa, hata kama mwenyewe angelia mpaka Kakamega.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo miwa ilishika nchi. Trela zilipita usiku na mchana zikidondosha vipande barabarani, watoto wakivifukuzia. Mabati yalimeta mahali palipokuwa na nyasi, na harusi zilikuwa na bendi. Ndege wa wimbi walihama. Ndege hana haja na muwa.

Kampuni haikulima vipande vidogo vidogo. Ilitaka mashamba ya majirani yaungane yawe pande moja kubwa, trekta iweze kugeuka. Upande wa mtoni, majirani wote walikuwa tayari, na katikati yao palikuwa na shamba la Awinja: mahindi, viazi vitamu, na njugu mawe ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinajaza maganda. Hilo ndilo lililolisha nyumba yake. Alikuwa amemkatalia shemeji yake Andati uani, jikoni, na hata kanisani.

"Hela ya miwa itanunua unga," Andati alimwambia.

"Hela ya miwa inachukua karibu miaka miwili kufika. Watoto wanakulanga kila siku."

Jumanne moja Andati alikuja joshoni amevaa koti lake la mazishi. Alingoja watu wote wamalize kunong'ona, ndipo akasogea.

"Mulamwa, nina tangazo."

"Sema, shemeji."

"Nyumba ya Were imetoa shamba la mtoni kwa kampuni. Trekta inaingia Jumatatu."

Awinja alimtazama. "Hilo ni shamba langu."

"Ni la ndugu yangu, naye amesema niamue. Lakini sikuja kubishana. Nimeleta tangazo kama watu wengine. Ama siku hizi unachagua?"

Alijua hawezi kuchagua. Alikuwa ametangaza mahari ambazo wasichana hawakuzitaka na minada ya ng'ombe ambayo wajane waliililia, na kila mara alisema yeye ni mdomo tu. Tena, kama angekataa, Andati angelipeleka kwa naibu wa chifu, na tangazo la naibu wa chifu halikungojewa mkono. Kwa Awinja angalau lingengojewa mkono. Kidole kikajikunja.

Alimkuta Sellah akifunga kamba ya ng'ombe wake. Shamba la Sellah lilipakana na lake. Walikuwa wakiazimana jembe, chumvi, na hata watoto wa kuwatuma.

"Andati amenipa shamba langu mwenyewe nilitangaze," Awinja alisema. "Nikitulia, inua mkono. Mkono tu. Maneno nitayatafuta mimi."

Sellah aliendelea kufunga ile kamba ingawa ilikuwa imekwisha kufungwa. "Nimekusikia, Mama Alice," akasema.

Awinja alipanda ukutani. Chini, naibu wa chifu alikuwa ameketi kwenye kiti pekee, na kando yake Kipsang, afisa wa miwa, amesimama na buti za mpira.

"Jumapili!" Sauti ikaruka juu ya vichwa. "Kwaya ya Mautuma inakuja kanisani. Kila nyumba iwapokee wawili."

"Wanakulanga sana hao!" mtu alisema.

"Basi wewe pokea mwembamba."

Watu walicheka. Alikunjua kidole, akatulia, akaendelea. Kondoo dume mwekundu amepotea, ana kovu sikioni. Alhamisi ng'ombe watachanjwa, na mwenye kumficha ndama wake asije kulia baadaye. Mazishi ya mama yake Bashir yalikuwa jana huko Matungu. Wanaotaka kutoa pole waende kabla ya Ijumaa. Timu ya kiwanda itacheza na walimu, na walimu wameomba wakopeshwe kipa.

"Ni hayo," Awinja alisema.

Kina mama waliokaa mbele hawakuinuka. Walikuwa na mazoea ya kumtazama mikono.

"Mama Alice, kidole kimoja kimebaki," mmoja alisema.

"Anazeeka," mwingine akadakia. "Kesho atasahau jina la mume."

"Huyo mume mwenyewe ameshasahaulika!"

Kicheko kilipoisha, Andati alikuwa ameinua kidevu, anangoja. Awinja aliona kwamba ukuta ule, ambao kwa miaka yote ulikuwa mahali pekee alipokuwa mrefu kuliko mtu yeyote, haukuwa na pa kushukia.

"Nyumba ya Were," alisema, "imetoa shamba la mtoni kwa kampuni. Trekta inaingia Jumatatu."

Alikunjua kidole, akatulia.

Alimtafuta Sellah. Alikuwa safu ya tatu, leso imemfunika mabega, na mikono yote miwili iko ndani ya leso. Awinja hakuondoa macho. Hakuwa amewahi kutulia muda mrefu namna ile. Ng'ombe mmoja alikohoa. Kipsang alitazama saa, kisha akatazama mbingu. Naibu wa chifu alikohoa pia, ili kumkumbusha.

"Mama Alice, endelea."

"Nangoja mkono, bwana."

"Unauona?"

"Bado."

Watu walianza kugeuka, wakifuata macho yake mpaka yakawafikisha kwa Sellah. Leso ikatikisika.

Sellah akasimama. Mikono haikutoka.

"Mama Alice, usinitazame hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba wale wa mbele tu ndio waliosikia. "Nimeshang'oa mihogo yangu yote. Waliniambia shamba lisafishwe. Sina hata mche. Trekta isipokuja, mimi na watoto tutakula nini?"

Awinja alikuwa amejiandaa kwa woga wa Sellah, hata kwa usaliti wake. Hakuwa amejiandaa kwa mihogo. Aliiona imelala imekauka majani kando ya shamba tupu, na akaelewa kwamba mkono aliokuwa akiuomba ungechukua chakula kutoka nyumba ile ili ukiache katika nyumba yake.

"Keti, Mama," alimwambia taratibu. "Keti. Nimekusikia."

Sellah aliketi, akajifunika leso kichwani.

"Hakuna mkono," naibu wa chifu alisema. "Limepita. Bwana Kipsang, una Jumatatu yako."

Makofi yakaanza upande wa mtoni, kwanza machache, halafu mengi. Mtu mmoja alipiga mluzi. Andati alivua kofia akawapungia watu kama bwana harusi. Awinja akainama atafute pa kukanyaga ashuke.

"Hatukusikia!" wazee waliita kutoka nyuma, karibu na miwa. "Hilo la mwisho! Makofi ya nini?"

"Rudia, Mama Alice," naibu wa chifu alisema. "Wale wa nyuma hawakupata."

Alinyooka. Njugu zilihitaji mwezi mmoja zaidi. Kwa Jumatatu angezing'oa maji maji, ziwe chakula cha nguruwe. Alipima umbali mpaka pale walipoketi wazee, akapanua kifua, na sauti ikatoka safi, bila kukwaruza, ikaanguka pale hasa alipotaka.

"Trekta!" alisema. "Jumatatu! Shamba la Awinja!"