Gari la jirani limelala zizini

Leo nimeswaga gari kama ng'ombe.

Jirani yangu Bura aliuza maksai wake wawili wa kulimia akanunua gari. Maksai nikawanunua mimi. Siku ile akanicheka: "Baba Paulina, wewe utazeeka unafuata mikia."

Sawa. Mikia hainywi petroli.

Asubuhi alikuwa anaenda Katesh kuwaonyesha wakwe zake hilo gari. Suti, miwani ya jua, na mvua inanyesha. Likazama kwenye tope, injini ikagoma.

Akaja kwangu. "Jirani, niazime maksai wanivute. Ila tukikaribia lami uwafungue, wakwe wasione."

Nikawafunga mbele ya gari. Mheshimiwa akakaa ndani, kashika usukani kama rubani.

Tulipofika njia panda, maksai wakaikataa lami. Wakakata kushoto, njia ya kwao waliyoizoea tangu wakiwa ndama.

"Wageuze, ndugu yangu, wakwe wananisubiri!"

Nilijaribu. Kidogo.

Wakamvuta mpaka ndani ya zizi lake. Mkewe, ambaye shamba lake bado halijalimwa, akatoka mbio anatabasamu, akamwambia mumewe:

"Baba Safari, kumbe umewarudisha?"

Gari hata hakulitazama.

Nyie mngemjibu nini huyo mama?